Joto la Musoma, baridi ya Butiama: kwa nini kipimajoto hakisemi yote

Wasikilizaji wetu wana desturi ya kutuma salamu zenye hali ya hewa ndani yake. Kipupwe kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, wa Butiama hutuambia wameamka na makoti, na vijana wa bodaboda wamevaa jaketi mbele nyuma ili upepo usiwapige kifuani. Ikifika Januari na Februari zamu inakuwa ya Musoma mjini na Bunda: watu wametoa mikeka nje, ndani hakulaliki, bati linawaka. Na karibu kila mara, katikati ya salamu hizo, hutokea mmoja wa kuwatania wenzake kwamba sisi wa Mara hatuna baridi wala joto la kumdhuru mtu. Baridi, anasema, iko Makete. Joto liko Uarabuni.

Utani huo una ukweli nusu. Mchana wa kawaida wa Musoma huwa kati ya nyuzi joto 27 na 30, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Makete, mkoani Njombe, usiku wa Juni na Julai hukaribia sifuri. Makka, wakati wa Hija ya Juni 2024, kipimajoto kilipita nyuzi 51 na mahujaji zaidi ya 1,300 walipoteza maisha. Ukiziweka namba hizo pamoja, mkoa wetu unaonekana kama mahali pa kupumzikia.

Lakini mwili hausomi kipimajoto. Kwa mwili jambo kubwa ni hili: je, unapoteza joto haraka kuliko unavyolitengeneza, au unalipokea haraka kuliko unavyoweza kulitoa? Jibu linategemea umri wako, kazi yako, nguo yako kama ni kavu au imelowa, ugonjwa ulio nao na paa lililo juu ya kichwa chako. Katika kijiji kimoja, usiku mmoja, nyuzi joto zile zile, mtu mmoja anaweza kuwa salama na jirani yake akawa hatarini. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya ukweli, na ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii.

Ziwa, kilima na tambarare

Kwanza, kwa nini hali si moja ndani ya mkoa mmoja? Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo sababu Musoma, ingawa iko karibu sana na mstari wa ikweta, haichemki kama Dar es Salaam mwezi Februari. Na kadiri unavyopanda kutoka ziwani hewa inapoa: kwa kila mita 100, joto hupungua kwa kama nyuzi 0.6. Anayetoka Mwigobero alfajiri kwenda Butiama, kisha akaendelea hadi milima ya Tarime, huihesabu tofauti hiyo kwa ngozi yake bila kipimo chochote.

Ziwa lenyewe ni kama chungu kikubwa kinachochelewa kupata moto na kuchelewa kupoa. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuja nchi kavu na kupunguza ukali wa jua kwa walio ufukweni. Aliye mbali na maji, kwa mfano upande wa Bunda unaoelekea Serengeti, hana kinga hiyo: ardhi kavu hupata moto haraka mchana, na usiku usio na mawingu joto lote hupotelea angani.

Wa ufukweni nao wana tatizo lao. Hewa yao ina unyevu, na jasho haliupoozi mwili kwa kutoka tu, linaupooza kwa kukauka. Jasho linalochuruzika na kudondoka chini limepotea bure. Kwa hiyo nyuzi 30 za Musoma baada ya mvua zinaweza kumchosha mtu kuliko nyuzi 32 za kiangazi kikavu. Hapa kwetu, tena, jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na siku hizo saa sita mchana hata mwembe hautoi kivuli zaidi ya pale matawi yake yanapoishia.

Kifo hakifuati namba

Wataalamu wa afya walipolinganisha nchi 14 za Ulaya katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walikuta jambo la kushangaza. Ureno, ambayo baridi yake ni ya upole, ilikuwa na ongezeko kubwa la vifo wakati wa majira ya baridi kuliko Finland, ambako theluji hulala chini kwa miezi. Wafini wamejenga kwa ajili ya baridi. Kuta zao ni nene, madirisha yao hayapitishi upepo, na mtu hatoki nje bila koti. Mreno alijenga kwa ajili ya jua, na baridi ikija inamkuta ndani ya nyumba isiyo na kinga.

Karibu zaidi na sisi kuna mfano wa Nairobi. Watafiti waliofuatilia vifo katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, waliona kwamba siku za baridi zaidi ziliendana na vifo vingi zaidi, hasa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Baridi ya Nairobi si ya kugandisha maji. Ni baridi ya nyumba ya mabati, sakafu yenye unyevu, moshi wa mkaa na watoto wanne kitanda kimoja, ambapo anayekohoa anawaambukiza watatu.

Na joto nalo ni hivyo hivyo. Agosti 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 kwa joto ambalo Mwarabu wa Muscat angeliona la kawaida. Wengi walikuwa wazee waliobaki peke yao katika vyumba vya juu vya maghorofa, usiku ukiwa na joto karibu sawa na mchana. Wataalamu wanausisitiza huo usiku. Mwili unavumilia mchana mkali kama usiku utaupa nafasi ya kupoa na moyo kupumzika. Mpaka sasa usiku wa Mara bado unatupa nafasi hiyo, na hiyo ni bahati kubwa kuliko tunavyodhani. Tatizo ni pale tunapoifungia nje ya mlango.

Nyumba ya bati saa mbili usiku

Bati tupu bila dari hupokea jua kutwa nzima na kulishusha kichwani kwako. Ukuta wa tofali la kuchoma nao hunyonya joto mchana na kulitoa polepole jioni, wakati ambao nje pameshapoa. Madirisha yamefungwa kwa hofu ya mbu na wezi. Matokeo yake ni kwamba ndani hubaki na joto kuliko nje hadi usiku wa manane. Nyumba ya nyasi ya wazee wetu haikuwa na shida hii, ingawa ilikuwa na nyingine za nyoka, moto na kuvuja, na hatumshawishi mtu airudie.

Yapo mambo ya bei nafuu. Tundu la hewa chini ya paa, pande zote mbili za nyumba, likiwa na wavu wa mbu, hutoa hewa ya moto iliyokusanyika juu. Mti upande wa magharibi huzuia jua la jioni ambalo ndilo linalochemsha ukuta wa chumba cha kulala. Dari, hata ya mbao za kawaida au mkeka uliotandazwa vizuri, hutenganisha bati na kichwa. Jiji la Ahmedabad nchini India lilipata joto kali Mei 2010, na watu 1,344 zaidi ya idadi ya kawaida ya mwezi huo walikufa. Baada ya hapo, mwaka 2013, jiji hilo lilianza mpango wa kutoa tahadhari kabla ya joto kufika, na baadaye likaongeza kazi ya kupaka rangi nyeupe mapaa ya nyumba za watu maskini, kwa sababu rangi nyeupe hulirudisha jua angani. Hapa kwetu, kama unakinga maji ya mvua ya kunywa kutoka kwenye bati hilo, uliza kwanza kuhusu rangi unayotaka kupaka kabla hujaimaliza pesa yako.

Wanaofanya kazi juani

Kutana na mama anayeanika dagaa mwaloni. Kazi yake inahitaji jua kali, kwa hiyo siku ambayo kila mtu anakimbilia kivulini ndiyo siku yake ya kipato. Anainama kugeuza dagaa juu ya mchanga au mawe yanayomchoma miguuni, na mwanga unampiga kutoka juu na kutoka chini. Mkulima wa pamba wa Bunda na mpalizi wa mihogo wa Butiama wako hali moja naye. Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa. Damu inakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kulisha misuli na kupeleka joto kwenye ngozi, na moyo unapiga haraka ili kutimiza zote. Maji yakipungua, figo ndizo za kwanza kuumia kimya kimya. Nchini Nicaragua na El Salvador maelfu ya wakata miwa, wengi vijana, wamepata ugonjwa wa figo usiotokana na kisukari wala presha, na kazi nzito juani bila maji ya kutosha ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi.

Kama mpalizi huyo ni mjamzito, wanaoumia ni wawili. Huko Gambia watafiti waliwapima wajawazito 92 wakiwa kwenye kazi zao za shambani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Kwa kila nyuzi moja iliyoongezeka katika ukali wa joto uliowapata, uwezekano wa mtoto tumboni kuonyesha dalili za kutaabika uliongezeka kwa asilimia 17. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakifanya kazi ile ile ambayo shangazi na dada zetu hufanya hadi mwezi wa nane wa ujauzito. Tunalisema hili kwa akina baba zaidi: jembe la saa saba mchana linaweza kungoja saa kumi na moja jioni, au likachukuliwa na mtu mwingine.

Kwa wachimbaji wadogo wa Buhemba na machimbo mengine, tatizo ni hewa. Ndani ya duara hakuna jua, lakini hakuna upepo pia, na jasho halikauki. Mwenye hatari kubwa ni mgeni. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya joto: unajifunza kutoa jasho mapema na kubakiza chumvi. Kijana aliyefika jana kutoka sehemu ya baridi, akatiwa kazi ya kutwa nzima siku ya kwanza ili aonyeshe ubavu, ndiye anayeanguka. Wasimamizi wa maduara wampe nusu ya kazi katika siku zake za mwanzo.

Dalili za kuchoka kwa joto ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na mkojo kuwa mwekundu kama chai ya rangi. Hapo mtu apelekwe kivulini, alegezewe nguo na anywe maji kidogo kidogo, ikiwezekana ya ORS. Ukikosa pakiti, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha si vya kujaza kilima. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, kupata degedege au kuzimia, huyo mwili wake umeshindwa kujipooza na kila dakika ina thamani. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, wekeni vitambaa vyenye maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena, huku mwingine akitafuta usafiri. Asiyejitambua asinyweshwe chochote, maji yataingia kwenye mapafu.

Nyuzi 23 za mtoto mchanga

Sasa tupande Butiama, saa kumi alfajiri, mwezi Julai.

Shirika la Afya Duniani lina ulinganisho mmoja ambao tungependa kila nyumba iujue. Mtoto aliyezaliwa sasa hivi, akiwa uchi na amelowa katika chumba chenye nyuzi joto 23, hupoteza joto sawa na mtu mzima aliye uchi penye nyuzi sifuri. Yaani ile Makete tunayoitania imo ndani ya chumba chetu, ila anayeisikia ni mtoto peke yake. Mkunga amevaa sweta, bibi amejifunga khanga mbili, wote wanaona hali si mbaya. Ndiyo maana shirika hilo linataka chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi 25. Usiku wa kipupwe, nyumba nyingi za Butiama na hata Musoma haziwezi kufika hapo zenyewe.

Mtoto hawezi kutetemeka kama sisi ili kujipasha moto. Ngozi yake ni kubwa kwa kulinganisha na uzito wake, na mafuta chini ya ngozi ni machache. Joto lake la mwili linatakiwa kuwa kati ya 36.5 na 37.5. Likishuka, anatumia sukari na hewa safi ya mwilini kujipasha, analegea, hanyonyi vizuri, na asiponyonya anazidi kupoa. Mara nyingi watu humsifia kuwa ni mtulivu. Mguse miguu na tumbo. Miguu ikiwa ya baridi na tumbo la moto, ongeza nguo. Tumbo nalo likiwa la baridi, mweke kifuani kwa mama sasa hivi na muanze safari ya kituo cha afya. Namba ya dharura ya m-mama ya 115 hupigwa bila malipo kwa ajili ya usafiri wa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga.

Akizaliwa, afutwe akauke, avishwe kofia na alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Kuogeshwa kungoje saa 24. Tunajua hapa tunagusa mambo ya akina bibi, ambao kwao mtoto asiyeogeshwa haraka ni aibu ya nyumba. Kwa heshima zote, bibi zetu, maji hayo yanamnyang'anya mtoto joto alilotoka nalo tumboni. Mvumilieni hadi kesho.

Kwa mtoto njiti, kifua cha mama ni zaidi ya faraja. Njia ya Kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, ambako daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi na mashine chache za kuwapasha joto. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza njia hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza kwenye mashine, kulipunguza vifo vya watoto wachanga wenye uzito mdogo kwa asilimia 25. Baba pia ana kifua. Shangazi pia. Mama anapokwenda kuoga au kulala, mtoto asirudishwe kwenye godoro la baridi.

Jiko la mkaa ndani

Baridi yenyewe ina mkono mfupi. Mara nyingi kinachoua ni tunachofanya ili kuikimbia. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani na mlango ukafungwa, mkaa unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hulala usingizi asioamka. Mkaa ulioiva na usiotoa moshi ndio unaodanganya, kwa sababu watu hudhani hatari ni moshi. Kama watu wote wa nyumba moja wameamka na kichwa kinauma na wengine wanatapika, msiseme malaria imewapata wote usiku mmoja. Fungueni milango, tokeni nje, nendeni hospitali. Pasheni chumba joto jiko likiwa na mlango na dirisha wazi, kisha litolewe kabla hamjalala.

Moshi wa kuni nao, hata usipoua usiku huo huo, hudhoofisha mapafu ya mtoto na kuifungulia njia nimonia, ile wengi tunayoiita kichomi. Baridi haibebi vijidudu. Inachofanya ni kutukusanya ndani, karibu na moshi, karibu na wanaokohoa. Mtoto anayepumua haraka haraka, au ambaye ngozi chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, hafai kusubiri asubuhi.

Kuna kosa jingine la blanketi. Mtu mwenye malaria hutetemeka kwa baridi wakati mwili wake unachemka, na nyumbani tunamfunika mablanketi matatu chini ya bati saa nane mchana. Kwa mtoto hilo linaweza kuongeza joto la mwili mahali ambapo tayari ni la hatari. Mpunguze nguo, mpe maji au ziwa la mama, mpeleke akapimwe.

Mvuvi na gongo

Dagaa huvuliwa usiku, na zaidi usiku wa giza, maana taa haiwavuti mwezi ukiwaka. Kwa hiyo mvuvi wa Musoma au wa Kibara anakaa saa nyingi ndani ya mtumbwi akiwa na nguo zilizolowa, katika upepo. Hewa ya nyuzi 18 haimwui mtu mkavu. Nguo iliyolowa na upepo hubadilisha hesabu, kwa sababu maji huuvuta ujoto mwilini mara ishirini na zaidi kuliko hewa. Anatetemeka, vidole vinashindwa kufunga kamba, ulimi unakuwa mzito. Akiacha kutetemeka huku bado amelowa, wenzake wasifurahi, maana mwili unaanza kukata tamaa, na mtu wa namna hiyo hudondoka majini bila kelele.

Wengi hujipasha kwa gongo. Gongo hufungua mishipa ya damu ya ngozi, damu ya moto inakimbilia juu, mtu anasikia raha, na joto la ndani linamtoka haraka kuliko mwanzo. Nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kofia ya sufu na chupa ya chai yenye sukari vinafanya kazi ambayo gongo huahidi. Aliyepoa sana avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe pamoja na mwenzake aliye mkavu, anywe chai kama anajitambua, na asisuguliwe miguu na mikono kwa nguvu.

Wenye selimundu na wenye vidonge vya kila siku

Kila mwaka nchini Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, wengine huuita sikoseli, na Kanda yetu ya Ziwa ni kati ya maeneo yenye wengi zaidi. Kwa hao, joto na baridi vyote ni adui. Baridi hubana mishipa midogo, na chembe za damu zenye umbo la mundu zinakwama. Jua nalo linakausha maji mwilini, damu inakuwa nzito, na zinakwama vile vile. Maumivu ya mifupa yanayofuata si uvivu wa mtoto kwenda shule. Mwalimu akiwa na mwanafunzi huyo amruhusu kunywa maji darasani, kutoka kwenda haja ndogo, kuvaa sweta isiyo ya sare, na asimsimamishe juani kama adhabu. Nyumbani asioge maji ya baridi alfajiri wala kuogelea ziwani jioni.

Wenye presha wanaotumia vidonge vya kukojosha hupoteza maji mengi zaidi wakati wa joto. Wasiache dawa kwa uamuzi wao. Wakipata kizunguzungu wanaposimama, waende wakaongee na mganga apange upya kipimo. Wazee pia kiu yao huchelewa. Usimuulize babu kama ana kiu, mpelekee maji.

Na kuhusu dawa zenyewe, soma boksi. Nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Juu ya kabati, karibu na bati, mchana wa Februari hapako chini ya 30. Zishushe chini, kwenye kona ya ndani yenye giza, mbali na jiko na mbali na watoto. Wenye kisukari wanaotumia insulini na hawana friji wamekuwa wakituuliza kama ni lazima wahamie mjini. Katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ambako joto hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, madaktari wa Médecins Sans Frontières wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva waliijaribu insulini katika hali kama hiyo, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba chupa iliyoanza kutumika ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Chungu cha udongo kilichowekwa kivulini juu ya mchanga unaomwagiwa maji hupooza zaidi, kwa njia ile ile ya jasho linalokauka. Kabla ya kuanza kufanya hivyo, zungumza na muuguzi wa kliniki yako ya kisukari akuangalizie aina ya insulini unayotumia, na andika tarehe uliyoifungua juu ya chupa.